Mabwana wa Kijapani na Mgeni wa Mama

Likizo ya mwezi wa sita huwa naimalizia Nambilanje kwa mama, kwenye ufuta. Miganda ikishakauka tunaikung'uta juu ya turubai, kisha mama anapepeta na mimi naokota vijiti na vijiwe. Kazi hiyo haina haraka wala haina raha, kwa hiyo lazima iwe na maneno. Wenzetu husengenya majirani. Sisi tunawasengenya mabwana wa Kijapani waliokufa zamani.

"Haya, wale watu wako wenye mapanga wamefikia wapi?" mama huuliza, hata sijakaa vizuri.

Mimi nafundisha historia sekondari, Ruangwa, lakini ukoo wa mabwana hao haumo kwenye masomo yetu. Nilisimuliwa na mwalimu mwenzangu nilipoanza kazi Nachingwea, Mjapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu. Mchana tulikaa nyuma ya ofisi, yeye akitafuna ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kwa chumvi kama aliyezaliwa nayo, akaniambia wazee wake walikuwa samurai, wapiganaji waliomtumikia bwana wa jimbo lao la milima na theluji. Bwana wa kwanza alikuwa askari wa kawaida tu. Alipigana upande ulioshinda, akapewa ngome na mashamba ya mpunga, na kizazi chake kikatawala hapo mpaka serikali mpya ilipowaondoa mabwana nchi nzima na samurai wakaambiwa waweke panga chini. Mwenzangu akarudi kwao. Mimi nikabaki na ule ukoo, nikawa natafuta habari zake kwenye simu na kumpelekea mama, maana yeye ndiye mtu pekee ninayemjua asiyechoka kuuliza.

Tunaongea Kimwera, Kiswahili kikichomekwa humo kama iliki. Hapa naandika Kiswahili tu.

Mwaka mzima mama alinifuata vizuri. Nilipomwambia kwamba mabwana walilazimishwa kwenda kukaa kwa zamu katika mji wa mtawala mkuu, na zamu ikiisha wanarudi majimboni wakiwaacha wake na watoto kulekule, alisema, "Hiyo ni rehani," na akawahurumia wale wanawake kama majirani zake. Siku moja nikagundua kuwa tumepotezana njia tangu mwanzo. Nilisema bwana fulani alifariki na mwanawe akakalia kiti. Mama akaacha kupepeta.

"Mwanawe yupi? Wa dada yake?"

"Wa kwake mwenyewe, mama. Aliyemzaa."

"Aliyemzaa yeye?" Aliweka ungo chini. "Sasa wapwa wanapata nini?"

Kwetu ukoo hupita kwa mama, na mzee akifa anayerithi nafasi yake ni mtoto wa dada yake. Kumbe kila niliposema mrithi, mama aliona mpwa. Alikuwa ameshawapangia mabwana wote dada zao, dada mkali huyu, dada mpole yule, na sasa nikawafuta wote kwa sentensi moja. Alininunia mpaka chakula cha mchana. Nami nilinuna, kwa sababu nilikuwa nimejisifu kwamba nafundisha vizuri.

Sasa niseme lililokuwa linaniuma. Mimi ndiye binti pekee wa mama. Kaka zangu wana watoto tele, lakini hao ni wa koo za mama zao. Ukoo wetu ulikuwa umebaki na mlango mmoja, nao ni mimi, na mimi sikuzaa. Mume aliondoka kwa sababu hiyo hiyo. Mama hakunilaumu hata siku moja, ila nilimwona anavyotazama tumbo langu kila nikishuka kwenye pikipiki, na mtazamo huo ulikuwa mzito kuliko lawama.

Kisha nikampata binti yangu. Mama yake mzazi alikuwa rafiki yangu, Msukuma wa jamii ya wafugaji waliohamia upande wa Nanganga na ng'ombe wao. Alikuwa akiniletea maziwa, tukazoeana hadi kupikiana. Alifariki alipojifungua. Baba wa mtoto na wazee wao walikaa, wakaniomba nimlee awe wangu kabisa, na ustawi wa jamii wakatuandika. Sasa ni mtoto wa kukimbiza kuku, mrefu, mbishi, anaongea Kimwera kunishinda.

Mama alimpenda. Sisemi hakumpenda. Alimkorogea uji wa karanga, alimlaza kifuani mwake. Lakini bibi wa kwetu humwita mjukuu wake wa kike "mke mwenzangu", wakataniana kugombea mume mmoja, yaani babu, hata kama babu yuko kaburini. Mama hakumwita hivyo. Alimwita "mgeni wangu".

"Mgeni siku mbili, mama," nilimchokoza, "siku ya tatu mpe jembe."

"Jembe nitampa," alisema taratibu. "Ukoo siyo jembe."

Niliondoka pale nikaenda kulia chooni, mtu mzima mimi.

Likizo iliyopita ndipo hadithi yetu ilipofika kwa bwana asiye na mtoto. Niliiogopa. Nilitaka kuiruka, lakini mama hukumbuka mahali tulipoishia kuliko mimi, basi nikaisimulia huku macho yangu yako kwenye vijiwe. Bwana yule aliugua akiwa bado kijana, hana mrithi. Sheria ya mtawala mkuu ilikuwa kali: nyumba isiyo na mrithi inafutwa, ngome inachukuliwa, samurai wote wanabaki watu wasio na bwana wala posho ya mchele. Bwana akakata roho. Watumishi wake wakaficha msiba. Waganga waliendelea kuingia na dawa, sinia za chakula ziliendelea kupelekwa chumbani, mpaka barua ya kuomba mtoto wa nyumba nyingine awe wao ilipojibiwa.

"Na kile chakula kilikuwa kinaliwa na nani?" mama akauliza.

Tulicheka mpaka ufuta ukamwagika. Binti yangu akaja mbio kuona kuna nini, akajitupa mapajani kwa bibi yake.

Mama akamshika kichwa. Kicheko kikamwisha. "Yule mtoto waliyemchukua," alisema, "damu yake ilikuwa ya wapi?"

"Ya kwingine kabisa."

"Akakaa kama mgeni?"

"Hapana. Walimvisha vazi lenye alama ya ukoo. Wakampeleka kwenye makaburi ya mabwana, akawasalimu kama wazee wake. Waliotawala baada yake wote walitoka kwake, na wakajihesabu ukoo uleule."

"Na wale waliokufa hawakumkataa?"

Ningeweza kujibu kimwalimu. Nilisema, "Sijui, mama. Ila nyumba haikufutwa."

 Aliokota ungo akapepeta hadi jua likapungua nguvu.

Asubuhi alituamsha. Alikuwa amejifunga kanga yake ya heshima na ameshika bakuli la unga wa mtama. Tulipita kwenye mikorosho hadi makaburini, kwa bibi yangu mzaa mama. Mama akapiga magoti, akaanza na Bismillahi, kisha akawa anamimina unga kidogo kidogo penye kichwa cha kaburi na kuwaita wanawake wa ukoo mmoja mmoja, kuanzia yule wa mbali ambaye hata kaburi lake hatulijui. Akajitaja mwenyewe. Akanitaja mimi. Hapo ndipo alipokuwa akiishia miaka yote, na mwili wangu ulikuwa umeshazoea kile kimya kinachofuata.

Safari hii hakunyamaza. Alimtaja mwanangu, jina lake lote, akamimina.

Unga ulikuwa umebaki kidogo. Mama alinyoosha bakuli nyuma bila kugeuka.

"Mke mwenzangu," alisema, "sogea. Malizia wewe, magoti ya mwenzio yamechoka."