Jiwe Nililolizika Uso Chini

Papa yangu alikuwa mwalimu wa historia, na kuna mwaka mmoja, enzi za Zaïre, aliacha kutuona kabisa. Nasema kweli. Watu waliokuwa wakichimba udongo wa matofali kule Kasha walikuta makaburi ya kale, ya wakati ambapo hata chuma hakijajulikana, na kichwani pa kila kaburi jiwe bapa lililochongwa mistari na miviringo. Ajabu ni kwamba mawe yote yalikuwa yamelala uso chini. Nani achonge jiwe mpaka jasho limtoke, kisha alifukie pasipo mtu kuliona? Swali hilo lilimwingia Papa kichwani likakataa kutoka. Mezani alikuwa akiongea na mawe. Mimi nikiongea, alijibu, "Mm."

Wala haukuwa mchezo. Kituo kimoja cha utafiti kilikuwa kinatafuta mtu, na wakubwa wake walikubali kumsikiliza Papa akieleza fumbo la mawe yake. Akiwapendeza, angeagana na vumbi la chaki maisha yake yote. Maman alikwisha kuipiga pasi abakosi yake, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, mara mbili, na siku yenyewe bado.

Nilikuwa na miaka kumi na tano na wivu mkali. Ndiyo, wivu wa mawe, chekeni tu. Nikaokota jiwe bapa nyuma ya nyumba yetu ya Muhumba, nikalikwaruza kwa msumari siku tatu, nikalisugua kwa matope na majivu. Jumamosi Papa aliponichukua kwenda Kasha nimbebee chakula, nikalizika ndani ya shimo alilokuwa akichimba, uso chini kama mengine. Nilitaka alifukue, ashangae kidogo, nicheke, naye acheke, basi.

Lo! Alilifukua, akapiga magoti. Akaniita "mutoto yangu" huku machozi yakimlengalenga. Ungekuwa wewe, ungesema? Nilikimeza kicheko changu chote. Wiki mbili nzima Papa aliandika kurasa kwa kurasa: hawa ni wafu watatu wa ukoo mmoja, wameshikana mikono mirefu, hawaachani hata chini ya udongo. Mimi ndiye niliyemchongea penseli.

Siku moja kabla ya konferansi yake mbele ya wakubwa wa kituo, Maman aliingia na sahani mkononi, akaliinamia jiwe langu mezani pa Papa.

"Papa ya batoto, hii si iko mitumbwi tatu ya kuvua sambaza?"

"Nini?"

"Angalia vizuri. Mitumbwi tatu, miti inaiunganisha, wavu iko huku chini. Minaiona kila asubuhi nikienda kununua. Na ile samaki bameileta mu ziwa yetu juzi juzi tu, miye tayari kisichana. Bale batu ba zamani bangeivua wapi?"

Papa aligeuka, akaniangalia usoni, na uso wangu ulikwisha kunichongea.

"Ni weye?"

"Ni miye, Papa."

Sikupigwa. Afadhali ningepigwa. Alizichana karatasi zake polepole, moja moja, akatoka akasimama kwenye migomba, mgongo kwetu. Nilijiona mchawi: nimeila kazi ya baba yangu mzazi.

Kesho yake alinivalisha sare ya shule akanipeleka mbele ya mabwana watatu wa kituo, wote ndani ya abakosi. Akawaeleza kila kitu bila kujihurumia. Mmoja akaanza kuchekea ndani ya leso. Papa akainua mkono.

"Basitwayeni, bananchi benzangu, mutacheka kisha. Sisi wote tunabuni tu sababu ya haya mawe. Huyu binti njo mutu mumoja tu ninayemujua aliyechonga jiwe akalizika uso chini. Mumuulize yeye."

Mzee wao akavua miwani, akanigeukia.

"Haya, mama. Kama ulijichosha hivi kulichonga, sababu gani ulilificha? Ulitaka nani alione?"

Nilikuwa na uongo mzuri, nimeupanga njia nzima tangu nyumbani. Nilipofungua mdomo, ukatoka ukweli.

"Sikutaka batu balione. Nilitaka Papa peke yake."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliandika kitu kwenye daftari lake. Papa aliutazama ukuta.

Kazi hakuipata, tuliambiwa pale pale mlangoni. Tulirudi Muhumba kwa miguu, Papa akinitukana njia nzima, mujinga, muharibifu, mutoto wa shetani, na mkono wangu hakuuachilia hata tulipopishana na wanafunzi wake.