Dereva wa Kwenda Samaki

Marlys Gebhart hakuwa mwizi. Nalisema kwanza kwa sababu hapa mjini wapo wanaomwita hivyo, na wanaomwita ndio walewale waliokuwa wakipanda gari lake.

Ni mjane, jirani yangu wa mlango wa pili. Mwanangu Tilly akisumbuliwa na gesi, Marlys ndiye humlaza kifudifudi mapajani na kumpapasa mgongo mpaka atulie. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la abiria la Bwana Kessinger, dalali wa bima. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kazi ilimpa bima ya matibabu, na hiyo ndiyo iliyomlipia sindano za kisukari.

Upande wetu wa mto, dalali akishalipwa kamisheni na kampuni ya bima, haruhusiwi kumtoza mteja ada yake mwenyewe kwa bima ya nyumba wala ya gari. Ng'ambo ni jimbo jingine. Kule anaruhusiwa, mradi mteja atie sahihi kwamba amekubali. Basi Kessinger akakodi chumba ng'ambo, ubavuni mwa mgahawa wa shemeji yake. Kila Ijumaa wateja wanavushwa daraja, wanalishwa kambare wa kukaanga na pai, wanatia sahihi, wanarudishwa. Sisi tuliita kwenda samaki. Watu walivaa vizuri. Mji mzima uliamini sheria inakaa pale kalamu ilipo.

Ijumaa moja, wakirudi, mzee Verlon Tackett alimshika Marlys mkono.

"Marlys, mwanangu, hii ada ni ya nini hasa? Mimi nilidhani ni bei ya samaki."

Marlys hakulala vizuri. Jumatatu alikuja jikoni kwangu, akampakata Tilly, akapiga simu idara ya bima ya jimbo letu. Mwanamke aliyepokea aliuliza neno moja tu.

"Nyumba ya mteja iko jimbo gani?"

"Huku kwetu."

"Basi sheria ni ya huko kwenu, mama. Hata akatie sahihi mwezini."

Marlys alinirudishia mtoto taratibu, kama mtu aliyegundua ana tope mikononi. "Miaka yote hii," akasema. "Mama Tilly, nilikuwa nawapeleka kama kuku sokoni. Tena nawafungia mikanda."

Alimfuata Kessinger ofisini. Mimi nilikuwa pale, Tilly mapajani, nikingoja kuulizia bima ya gari langu, nikaona yote. Kessinger alikuwa anakula mbavu za nguruwe mezani pake, mafuta yamemtiririka hadi kwenye saa. Alimsikiliza Marlys huku akinyonya kidole gumba.

"Nani kalalamika? Nitajie mmoja."

"Hawajui, Bwana Kessinger."

"Wameshiba. Aliyeshiba ana haja gani ya kujua?" Akacheka, kipande cha nyama kikaruka kikatua kwenye karatasi ya mteja. Alikifuta kwa tai yake. "Unaendesha au huendeshi? Maana wewe na sukari yako, mama, sidhani unaweza kunichezea."

Nilimfunika Tilly uso kwa shali, ingawa mtoto haelewi kitu.

Ijumaa ikafika, gari likajaa; mimi nilikuja na Tilly, nikasimama kando ya barabara. Marlys alisimama mlangoni, funguo mkononi, akawaambia wazi: ile ada hamdaiwi, sahihi ya ng'ambo haibadilishi kitu, mnaibiwa, na mimi ndiye ninayewapeleka.

Kisha Doreen Foltz, aliyekuwa amepaka rangi mpya ya midomo, akauliza, "Kwa hiyo leo hakuna samaki?"

Gari zima likaangua kicheko.

"Hela yangu, mdomo wangu," akadakia mwingine kutoka nyuma. "Endesha, dada, mafuta yanapoa!"

Marlys akamgeukia Verlon. "Baba, wewe shuka basi."

Mzee aliangalia viatu vyake, alikuwa amevipiga rangi. "Ningeshuka, mwanangu. Ila sijala tangu asubuhi, nilijiandaa."

Kessinger akatoka ofisini akipangusa mdomo, akampokonya Marlys funguo, akakaa kwenye usukani mwenyewe. Alipopita karibu yangu alinuka marashi na kitunguu. Gari liliondoka, Doreen akatupungia mkono kama anakwenda harusini.

Tulibaki kando ya barabara, sisi wawili na Tilly. Nilidhani Marlys atalia. Alitema mate kwenye majani, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada, akaniomba simu yangu.

Alipokea mwanamke yuleyule.

"Nataka kushtaki dalali," Marlys akasema.

"Wewe ni mteja wake?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyewavusha. Andika na jina langu."

Yule mwanamke alimwonya kwamba akiandikwa ataitwa kujieleza, na kazi huenda ikapotea.

"Kazi imeshaondoka," Marlys akasema, macho yake kwenye daraja. "Gebhart. G, E, B. Andika, mama."