Maji Yaliyopotea Kwa Munganga

Harufu ya chokaa mbichi siipendi hadi leo. Majirani wanapopaka kuta kabla ya Noeli, wakisema mtaa sasa unanukia sikukuu, mimi navuka barabara. Kwangu chokaa inanukia nyumba moja tu, ile ya matofali mekundu tuliyoiita Kwa Munganga, yaani kwa daktari, hapa Likasi, mji wetu wa migodi.

Zamani alifanya kazi humo daktari wa watu wa mgodi. Mimi sikumkuta. Nilikuta benchi zake, mbao zilizolainishwa na makalio ya wagonjwa wa miaka mingi, na mizani iliyoning'inia kwenye boriti. Kila Ijumaa akina mama walileta watoto wapimwe uzito. Kisha mfanyabiashara mmoja akataka nyumba ibomolewe, ajenge depo ya bia. Kaku, bibi yangu, mama yake papa, yaani baba yangu, ambaye alisafisha humo tangu ujana, aliwaongoza wanawake wakaenda kuketi mbele ya nyumba ya shefu wa mtaa mpaka akakubali. Nyumba ibaki, na itengenezwe.

Papa alikuwa fundi wa kujenga asiye na kazi. Shefu akampa matengenezo, yeye na wenzake wawili. Wakazungushia chumba cha nyuma maturubai, wakakataza mtu kuingia. Kaku alitembea mtaani kama bibi harusi.

Nilikuwa na miaka tisa. Kila Alhamisi baada ya masomo nilimsaidia Kaku kuosha sakafu. Wajenzi wa kale waliiinamisha kidogo kuelekea mlangoni. Ukimwaga ndoo, maji yanajiondokea. Kaku alipenda kusema, "Hata maji ya hapa iko na adabu, inajua njia ya kutoka."

Alhamisi moja nilimwaga ndoo, Kaku akiwa bombani. Maji yalisita katikati ya chumba cha mizani, yakageuka, yakaenda pembeni na kuingia kwenye ufa mwembamba kama uzi. Nilingoja ufa ujae. Nikamwaga ndoo ya pili. Nayo ikamezwa. Nilipoinama kuweka sikio, sakafu ilikuwa inagonga. Tok, tok, tok, mbali chini. Kisha mtu akakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Papa alikohoa mara mbili fupi na moja ndefu. Hata padri kanisani alikuwa akingoja amalize ndipo aendelee na mahubiri.

Sikuhitaji kuambiwa. Kwetu watu huchimba hata chini ya jikoni zao wakitafuta mawe ya madini ya kuuza, na ardhi huwaangukia. Sasa nikaelewa kwa nini magunia ya saruji yaliingia machache na mepesi, na magunia mengine yakatoka mengi, watu wawili wakiyumba chini ya kila moja. Nikaelewa pia samaki wa tomsoni, wale wa barafu wa dukani, aliokuwa analeta papa siku hizo, na sisi watoto tukilamba vidole.

Nikisema, papa angepelekwa gereza la Buluo. Nisiposema, chumba kingezama. Nilikuwa mtoto wa haya, wa kujificha nyuma ya kitenge cha mtu, kwa hiyo nilichagua lililo rahisi. Wiki tatu nilimwaga ndoo zangu mbali na ule ufa. Jioni papa aliponitazama niliona anajua ninajua. "Weye mutoto," alisema akinigawia kichwa cha samaki, "unajua kunyamaza. Ile njo akili."

Ijumaa ya nne chumba kilijaa akina mama. Mizani ilipandishwa, na kutoka pembeni ikasikika sauti kama mfupa unaovunjika. Hakuna aliyegeuka. Nilivuta kitenge cha Kaku nikanong'ona, "Kaku, papa iko chini yetu. Anachimba."

Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Umeambia nani?" Nikatikisa kichwa. Akawageukia wanawake.

"Bamama, mutoke wote. Tutapima kwenye baraza. Humu joto ni mingi."

"Juu ya nini, Kaku? Yangu haijapimwa!" mmoja akalalamika.

"Yako ni munene sana, itaangusha boriti. Toka!"

Wakatoka wakicheka na kunung'unika, watoto migongoni. Kaku alifunga mlango. Alitandika mkeka juu ya ule ufa, akaketi, miguu imenyooka kama mtu msibani. Akagonga sakafu kwa mpini wa ufagio.

"Mutoto yangu," aliiambia saruji, "ni minye, mama yako. Niko juu yako. Ukipiga tena, unanipiga minye."

Kugonga kukakoma. Baadaye sana nikasikia kikohozi nyuma ya maturubai. Papa alikuwa ametoka, mweusi wa vumbi hadi kope, na hakumtazama mama yake.

Mdomo wa shimo ukafunikwa kwa mbao na saruji nyembamba, kuta zikapakwa chokaa. Shefu akamsifu papa mbele ya watu, wanawake wakapiga vigelegele. Kaku alifunga chumba cha mizani akasema kina chupa za dawa zilizooza. Tangu hapo watoto walipimwa barazani, hata siku za mvua.

Kaku amefariki, na ufunguo umebaki kwangu. Mwezi huu shefu mpya aliuomba. Wageni wanakuja kuiona nyumba yetu ya kale, na kile chumba kitawekwa vitanda vya kuzalishia. Nilimweleza yote, polepole, nikitazama viatu vyangu. Alisikiliza, akatazama kuta nyeupe. "Dada, tuache kwanza wageni bapite," alisema. Nikaurudisha ufunguo mfukoni. Tangu papa asikie nimesema, hasemi nami tena.

Miaka yote niliamini kwamba siku ile Kaku aliiokoa nyumba. Aliipenda kweli. Lakini pale mkekani alimwokoa mwanawe, na shimo akaliacha. Simlaumu, maana nami nilikula samaki. Ila wale wanawake aliowapeleka barazani, waliocheka bila kujua, kila mmoja wao alikuwa na mwanawe mgongoni.