Daftari la Mutindi

Jumamosi ikigonga saa nane, Mutindi hashoni tena hata kifungo. Anafunika cherehani, anavuka barabara hadi hoteli ya Waceke, daftari kwapani. Pale Kitengela wapenzi wa maneno wanamjua. Yeye husoma misemo kumi ya Kiingereza, wao hutaja maana, na mshindi huenda nyumbani na sukari kilo mbili na maringo ya wiki nzima.

Misemo huitoa kwenye gazeti la Alhamisi. Ile inayompendeza huipigia tiki kwa penseli, kisha huinakili daftarini pamoja na maana yake ya Kiswahili iliyochapwa pembeni. Ijumaa magazeti yote humpelekea Kakuta mwenye bucha, ya kufungia nyama, naye humpa mifupa ya supu. Wamefanya hivyo tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku.

Mambo yaliharibika alipokuja mzee Katoo. Huyu alikuwa bawabu kule Magadi, akastaafu, akahamia kwa binti yake. Shule aliiachia darasa la nne. Jumamosi ya kwanza alipata misemo miwili. Ya pili, yote kumi. Ya tatu, yote kumi.

"Bite the bullet?"

"Ni kukaza roho ufanye ile kitu inakuuma," Katoo alijibu kabla Mutindi hajafunga mdomo.

Wenzake wakapiga makofi. Mutindi hakupiga. Mtu wa darasa la nne! Alimtazama akikoroga chai polepole, anatabasamu, na lile tabasamu likamkera kupita kiasi.

Daftari langu linasomwa, aliwaza. Na daftari lilikaa wapi? Kwenye droo ya cherehani, ndani ya duka aliloshonea na Elsie kwa miaka kumi na moja. Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa duka? Elsie. Nani alipanga chumba ploti moja na binti wa Katoo? Elsie huyohuyo. Tangu hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Elsie akiwahi dukani, amewahi kunakili. Akichelewa, ametoka kwa Katoo. Akinyamaza, anaficha, na akicheka, anamcheka yeye.

Alinunua kufuli, akaifunga droo.

"Kwani kuna panya?" Elsie aliuliza.

"Wako wa miguu mbili," Mutindi akasema, akaukata uzi kwa meno.

Jumamosi hiyo Katoo akapata kumi tena. Jumatatu Mutindi hakuweza kuvumilia.

"Elsie, ni wewe unapelekea Katoo majibu?"

Elsie aliacha kukanyaga pedali. Aliuliza mara moja tu kama huo ni utani. Mutindi akasema si utani. Basi Elsie akakunja sare za shule alizokuwa akishona, akaita mkokoteni, akahamisha cherehani yake mchana uleule. Mutindi alijiambia kwamba asiye na kosa angekaa ajitetee. Lakini pale palipobaki wazi aliogopa hata kupafagia.

Jumamosi iliyofuata alikwenda asubuhi kununua nyama. Katoo alikuwa mbele yake kwenye foleni.

"Kakuta, nifungie na ile ya maneno ya Kiingereza," mzee alisema. "Ya mpira wapatie wengine."

Kakuta, aliyeyazoea hayo, akachagua ukurasa kwenye rundo. Mutindi akaziona tiki. Za penseli, zenye mkia mrefu, mkono wake mwenyewe.

Katoo akageuka, akamsalimu Mutindi kwa Kimaasai, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Ndeti, sopa! Unaona hii? Hapa Kitengela kuna mtu anapenda maneno kutushinda sisi wote. Anaweka alama kwa zile ngumu. Mimi nasoma hizo tu, sababu macho yangu imechoka. Na mchana zinatokea! Siku nitamjua huyo mtu, nitamnunulia chai."

"Ipa," Mutindi aliitikia. Mzee hakuwa na hila hata chembe. Aibu ilimshika hapo hapo, mbele ya nyama zilizoning'inia, akaondoka bila kununua kitu.

Hakwenda hotelini siku hiyo. Alimkuta Elsie barazani kwake, cherehani imewekwa chini ya mabati, anashona kola. Mutindi alieleza yote, akiwa bado amesimama: penseli, magazeti, mifupa ya supu.

"Nilikukosea, Elsie. Nisamehe. Rudi dukani."

Elsie aliimaliza kola, akaigeuza, akaikagua mshono kwa mshono.

"Ulipolazwa Kajiado nilikaa na watoto wako wiki tatu," alisema. "Hao haukuwawekea kufuli."

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa duka, akauweka juu ya meza ya cherehani, upande aliosimama Mutindi, na kuchukua kola nyingine.