Kusindikizana Juu ya Mto Ulioganda

Kabla ya kuhamia Birmingham niliishi miaka mingi kaskazini kabisa mwa Ulaya, katika mji mdogo uliokatwa katikati na mto. Dada yangu mkubwa ndiye aliyetangulia kufika kule kutoka Nairobi, akanivuta, na mpaka leo hajaondoka. Yeye alikaa ng'ambo moja, mimi ng'ambo ya pili. Daraja liko mbali, nje ya mji, lakini kila msimu wa baridi mto uliganda, na manispaa ikachomeka matawi ya misonobari kwenye barafu kuonyesha njia. Watu walipita na watoto, na mbwa, na mifuko ya sokoni.

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Dada akija kwangu nilimsindikiza mpaka katikati ya mto, na pale tulisimama kuagana, maana kuagana kwetu ndiko mazungumzo yenyewe yanakoanzia. Wenyeji walitupita wakitushangaa: wanawake wawili wamesimama juu ya mto wakijadili posa ya binamu. Mwishowe yeye, anayesindikizwa, ndiye husema, "Haya rudi, hapa panatosha." Bila neno hilo hugeuki.

Ninachokumbuka zaidi ni ukimya. Chini ya miguu yetu hapakuwa na sauti yoyote. Kama hujawahi kuona mto ulioganda usijali, sababu yake ni rahisi. Katika nchi za baridi, maji hufungwa wakati wa miezi ya giza. Juu kuna theluji isiyoyeyuka, na udongo wenyewe umekuwa mgumu kama jiwe. Mto hubaki na maji machache yanayotoka chini sana, yakitambaa taratibu chini ya barafu nene. Jua likirudi, kila kitu hufunguliwa kwa pamoja na mto hufurika.

Miaka yangu ya mwisho kule nilianza kusikia kitu tulipokuwa tumesimama pale katikati. Kilikuwa kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Dada alisema ni masikio yangu.

Siku hizi naishi Sparkbrook, mtaa wa hapa Birmingham, na desturi yetu imehamia kwenye simu. Dada hufanya usafi katika nyumba ya kutunzia wazee, ng'ambo ya mto. Akitoka kazini hunipigia kwa video, nami namsindikiza mpaka kwake. Huku kwangu bado ni mchana, nimetoka madukani Ladypool Road na vitu vya kupika. Kule kwake giza limeshaingia. Binti yangu akipita jikoni huniuliza, kwa Kiingereza chake cha hapa, kama mama mkubwa anatembea juu ya maji tena.

"Mwambie nimemsikia," dada hujibu. "Na ajifunze kusonga ugali."

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Januari. Dada alikuwa ameiinamisha simu ili tochi imulike njia, kwa hiyo sikuuona uso wake. Niliona buti zake na theluji nyembamba tu.

"Matawi yako wapi?" nikamuuliza.

"Manispaa wamechelewa mwaka huu. Lakini kuna nyayo hapa, nazifuata."

"Za nani?"

"Za mtu, wee! Unataka na kitambulisho chake?"

Nikaziangalia. Kila unyayo ulikuwa umejaa maji meusi. Kisha nikasikia. Simu ilikuwa karibu na barafu kuliko masikio yake, na yeye alikuwa amevaa kofia ya sufu juu ya hijabu. Maji. Hayakuwa yakinong'ona tena. Yalikuwa yakienda kwa haraka, kama kundi kubwa la watu linalopita chini ya sakafu bila kujali nani yuko juu.

Kwenye sinki mbele yangu palikuwa na furushi la nyama niliyoitoa kwenye friza. Juu lilikuwa gumu, jeupe kwa barafu, na chini lilikuwa linavuja. Ndivyo mambo yalivyo kule sasa. Dunia inavyopata joto, ardhi iliyokuwa ikifungwa inalegea na kuvujisha maji mtoni hata katikati ya baridi. Mvua hunyesha siku za theluji. Mto unapata maji wakati ulipopaswa kulala, na mkondo unaila barafu kutoka chini. Ukitazama kutoka juu, huoni tofauti yoyote.

"Dada, ncha za hizo nyayo zinaelekea wapi?"

Tochi ikayumba. Zilikuwa safu mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Hatua chache mbele yake zote mbili zilikoma. Aliyezikanyaga alikuwa amegeuka pale na kurudi.

"Astaghfirullah," dada akasema.

"Lala kifudifudi. Jivute ulikotoka."

"Nilale? Na koti hili jipya?"

"Lala, dada!"

Maishani mwangu sijawahi kumwamuru. Barafu ikatoa mlio mrefu, mwembamba, uliotoka mbali, ukapita chini yake na kwenda zake. Akatia simu mfukoni bila kuikata. Skrini ikawa nyeusi.

Nikabaki na sauti tu. Koti likikwaruza. Pumzi yake. Mto. Na nyama yangu ikidondosha maji kwenye sinki, mpaka sikujua tone lipi ni la huku na lipi la kule. Nikawa namwambia kama mtoto anayejifunza kutembea: vizuri, polepole, tanua miguu, vizuri, endelea. Mto ndio ulioendelea kuzungumza.

Kisha ukaanza kufifia. Theluji ikakwaruka kwa hatua za mtu aliyesimama.

"Niko ukingoni," akasema. "Koti limeharibika. Napitia darajani. Wewe nenda kapike."

"Nakusindikiza."

"Ni mbali."

"Twende."

Darajani alisimama katikati, akaitoa simu nje ya ukingo ili nisikilize. Chini palikuwa peupe, pametulia kama zamani, na palikuwa na kelele.

Tangu siku hiyo dada hupitia darajani. Lakini jioni ile nilingoja neno lake njia nzima, na hakulitamka mpaka niliposikia mlango wake ukifungwa kwa ndani.

"Haya rudi," akasema. Hakuongeza kwamba hapa panatosha.