Betri ya Jirani wa Chini

Jirani anayeishi chini ya Kanana, kwenye maapatimenti ya mji wa Euless, ughaibuni, huanza kuliandaa gari lake kwa baridi tangu Oktoba, watu wakiwa bado na kaptula. Kila Jumamosi baada ya chai hufungua boneti, akaingiza mikono yake mipana taratibu kama mkunga, huku akilinong'oneza gari mambo ambayo mkewe hajawahi kuambiwa. Hupima maji ya rejeta, husikiliza tairi kwa sikio, huvivika vifuta-kioo soksi za sufu visigande. Redio ikitaja tu barafu, hung'oa betri, akaifunga blanketi na kuipeleka kulala ndani.

Asubuhi ile ya Januari barafu ilipoanguka kweli, gari la Kanana lilikataa ku-start, na yeye ni muuguzi, wodini wanamngoja. Akagonga mlango wa chini. Jirani akatoka amekumbatia betri, akaifunga mahali pake kwenye gari lake mwenyewe, akazungusha ufunguo mara moja tu. Injini ikanguruma. Jirani, mtu mzima, akapiga makofi, machozi yakamlengalenga.

"Asante Mungu!" Kanana akasema, keshashika mlango wa gari. "Nifikishe tu hospitali."

Jirani akazima injini.

"Kwa hii baridi, dada? Unataka kuliua?"

Akaing'oa betri, akaifunga blanketi, akarudi nayo ndani na kurudisha mlango polepole, isiamke. Kanana akabaki pale nje, akivitazama vifuta-kioo vilivyovaa soksi za sufu. Zake yeye zilikuwa zimelowa chapachapa.