Mita Moja ya Ploti Nzima

Maranda yakipashwa joto na balbu hutoa harufu tamu, kama ubao uliopasuliwa sasa hivi, na harufu hiyo ilijaa chumba chetu cha Kitale mwaka ule mama alipoanza kufuga vifaranga. Tulikuwa tumepanga karibu na Kipsongo, mama na mimi, katika ploti ambayo vyumba vyote vilitumia mita moja ya stima. Mama aliwaweka vifaranga ndani ya boksi la maranda pembeni mwa kitanda na kuwaning'inizia balbu, maana baridi ya Julai huko hupenya hata sweta mbili. Wakiota manyoya angewauza sokoni, nami ningepata karo ya muhula wa tatu.

Tokeni ya stima ilipoisha wapangaji walichanga kununua nyingine, na mchango ulizidi kupanda. Majirani wakaanza kumnunia mama. Aliacha kupiga pasi, akazima taa yetu, tukawa tunakula kwa mwanga wa vifaranga. Mchango haukushuka. Jumapili moja akampigia simu mdogo wake, mama mdogo Nafula, aliyefuga kuku Bungoma.

"Si hata wewe unawasha balbu? Mbona hulii kama mimi?"

"Huku kuna joto, dada, mchana nazima. Tena mita ni yangu peke yangu. Ukitumia kidogo, unauziwa yuniti kwa bei ya chini. Nyinyi mmejumlishwa pamoja, mnahesabiwa kama tajiri mmoja."

Mama alikata simu, akanishika mkono, tukaenda kwa mzee Barasa, mwenye ploti, aliyeishi nyumba ya mbele. Alimwomba ruhusa ya kuwekewa mita ya chumba chetu, kwa gharama yake mwenyewe.

"Mama Nekesa, nikikuruhusu wewe, kesho wote watataka," alisema mzee. "Na ni nani alikwambia ufuge kuku ndani ya nyumba bana?"

Friji ilikuwa ikinguruma nyuma yake. Mama aliufuata waya kwa macho, ukapita dirishani mpaka kwenye mita yetu sote.

"Na hiyo friji, mzee, huwa unaichangia?"

Mzee Barasa alisimama, akatufungia mlango.

Kesho yake, mama akiwa sokoni, fundi alikuja akakata stima ya chumba chetu. Niliporudi kutoka shule nilikuta vifaranga wamelundikana kwenye kona moja ya boksi, wengi wao wakiwa wamekufa. Mama hakulia. Aliwatia waliobaki ndani ya katoni, akawapeleka Bungoma kwa dada yake. Walikua vizuri tu, lakini walikuwa wachache mno. Wenzangu walipofungua muhula wa tatu, mimi nilikuwa nachambua maharagwe nyumbani.

Sasa nafanya kazi Kitale hiihii. Mwenye ploti yangu ni kijana nadhifu anayetuma ujumbe kwa simu badala ya kugonga mlango, lakini mita bado ni moja, na Julai hii mchango umenishinda kuuelewa. Nilipomuuliza, alijibu kwamba asiyeridhika ahame. Nikampigia mama, nikamweleza yote, nikingoja awake kama alivyowaka siku ile.

"Mlipe tu, mwanangu," akasema. "Ukae kwa amani."

Nililipa. Ila amani aliyoisema mama sijaipata, na sijui ni lini yeye mwenyewe alichoka.